HESABU YA HAZINA NA HESABU YA MALISHO

Maneno ya mazungumzo kwa wananchi wa Getanuwas, wilayani Hanang, juu ya utumishi wa Edwin Mtei na funzo lake

Jioni, ng'ombe wanaporudi zizini, mchungaji hahitaji daftari ili ajue kwamba mmoja amepotea. Huwatambua kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo na kwa uzao wa mama zao. Pengo moja tu katika kundi humwambia yote. Akishajua, ana njia mbili. Aweza kumwambia mwenye mali usiku ule ule, ingawa atakemewa. Aweza pia kunyamaza, akitumaini kwamba mnyama atarudi mwenyewe kabla hajaulizwa. Anayesema mapema huenda akaokoa mali. Anayenyamaza huongeza aibu juu ya hasara.

Kazi ya mtumishi wa Hazina haiko mbali na kazi hiyo. Naye amekabidhiwa mali isiyo yake. Naye ana wajibu wa kuijua idadi yake na kusema lililopungua. Kwa hiyo si ajabu kwamba maisha ya mmoja wa watumishi wakubwa wa fedha katika historia ya nchi hii yalianzia nyuma ya mifugo. Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, alichunga mbuzi utotoni huko Marangu, Kilimanjaro. Kitabu alichoandika juu ya maisha yake, kilichochapishwa mwaka 2009, kimebeba habari hiyo katika jina lake: safari ya mchunga mbuzi hadi kiti cha Gavana.

Yafaa safari hiyo izungumzwe hapa Getanuwas, mbali na Kilimanjaro na mbali zaidi na ofisi za Dar es Salaam. Sababu ni kwamba hesabu zilizofanywa katika ofisi hizo zilifika mpaka nyanda za Hanang. Zilifika kwa matrekta, kwa ngano, na kwa mipaka ya mashamba iliyochorwa juu ya malisho. Mwananchi wa hapa anayo haki ya kujua hesabu hizo zilifanywaje, nani alizisema kwa ukweli, na nini kilichosahauliwa ndani yake.

KUTOKA MARANGU HADI HAZINA

Mtei alizaliwa mwaka 1932, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Alipita katika shule za wakati ule, shule chache zenye mlango mwembamba, akafika Chuo cha Makerere, Kampala, ambako alimaliza masomo mwaka 1957. Miaka miwili baadaye aliingia katika Utumishi wa Serikali.

Hapana budi kukumbuka hali ya utumishi huo. Bendera ya Uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, vyeo vya juu serikalini vilikuwa bado mikononi mwa Wazungu kwa sehemu kubwa sana. Waafrika wenye shahada walikuwa wachache mno. Mkoloni alikuwa amefundisha makarani na watunza stoo. Hakuwa amefundisha watu wa kupanga bajeti ya nchi. Mwaka 1962, Rashidi Kawawa alipokuwa Waziri Mkuu, kazi ya kuwaweka wananchi katika vyeo hivyo ilisukumwa kwa nguvu, na vijana wa umri wa miaka thelathini au chini yake wakajikuta wakikalia viti vya wazee wa kikoloni. Mtei alikuwa mmoja wao. Alipanda ngazi upesi hadi akawa Katibu Mkuu wa Hazina.

Watu wengine wameona kupanda huko kuwa bahati ya kizazi kimoja. Bahati ilikuwapo, lakini ulikuwapo pia mzigo mzito. Kijana aliyekabidhiwa Hazina hakuwa na mkubwa wa kumwuliza isipokuwa mgeni aliyekuwa akifunga mizigo yake. Akikosea, wangesema Mwafrika hawezi. Akinyamaza mbele ya kosa, nchi changa ingelipa. Katika hali hiyo ndimo tabia ya utumishi wa nchi ilimoumbwa, tabia njema na tabia mbaya pia.

SHILINGI YA NCHI

Mpaka miaka ya kwanza ya Uhuru, Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia fedha moja, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi hiyo iliundwa mwaka 1919, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa London. Thamani ya shilingi ilifungwa kwenye pauni ya Uingereza. Kazi ya Bodi ilikuwa kubadilisha pauni kwa shilingi na shilingi kwa pauni. Haikuwa na kazi ya kuikopesha nchi wala kuulizwa wakulima wake wanahitaji nini. Nchi inaweza kuwa na bendera na wimbo wa taifa, lakini kama haina amri juu ya sarafu yake, basi ufunguo wa ghala umebaki kwa jirani.

Mwaka 1965 nchi tatu ziliamua kila moja iwe na benki kuu yake. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ilipitishwa mwaka huo, na Benki ikafungua milango mwezi Juni 1966. Mtei aliwekwa kuwa Gavana kabla hajatimiza miaka thelathini na minne. Noti mpya zilipotoka, shilingi ishirini zilikuwa sawa na pauni moja, kama zamani. Lakini safari hii sahihi kwenye noti zilikuwa za wananchi.

Haukupita mwaka mmoja kabla ya jaribio kubwa. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na mara baada yake mabenki ya biashara, yaliyokuwa ya wageni, yalifanywa mali ya umma. Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa, na Amon Nsekela akawa kiongozi wake. Wageni wengi waliokuwa wakiendesha mabenki hayo waliondoka. Palikuwa na watu, ndani na nje, waliongoja kuona milango ikifungwa na watu wakipiga foleni kudai akiba zao. Hilo halikutokea. Makarani na maofisa vijana, kwa msaada wa wageni wachache, waliziendesha benki, na Benki Kuu ikasimama nyuma yao. Mwezi Novemba mwaka huo huo Uingereza iliposhusha thamani ya pauni yake, Tanzania haikuifuata. Kwa mara ya kwanza thamani ya fedha ya nchi iliamuliwa nchini.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Mtei hakuwa mtu wa mlengo wa kushoto. Maisha yake ya baadaye yameonyesha hivyo waziwazi, maana mwaka 1992 alikuwa mmoja wa waasisi wa CHADEMA, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Hata hivyo, wakati wa Azimio alifanya kazi aliyopewa, na kazi ikafanyika. Mtumishi anaweza kuwa na mawazo yake na bado akatekeleza kwa uaminifu uamuzi wa nchi, mradi uamuzi huo hauwezi kumlazimisha aseme kwamba mbili na mbili ni tano.

MIAKA YA JUMUIYA

Mwaka 1974 Mtei aliondoka Benki Kuu, akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mjini Arusha. Jumuiya hiyo, iliyoundwa kwa Mkataba wa Kampala wa mwaka 1967, ilikuwa na reli, bandari, posta na shirika la ndege kwa nchi zote tatu. Lakini alipofika, nyumba ilikuwa na nyufa. Idi Amin alikuwa ametwaa Uganda mwaka 1971, na wakuu wa nchi hawakukutana tena. Mashirika yalidaiana, na kila nchi ilishikilia fedha zilizopaswa kupelekwa makao makuu. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege lilisimama, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na katikati ya mwaka huo Jumuiya ikafa kwa kukosa bajeti.

Katibu Mkuu hana jeshi wala kodi. Aweza kuandika barua, kuonya, na kuweka hesabu wazi mbele ya wenye amri. Kama wenye amri hawataki kukaa meza moja, hesabu nzuri haiwezi kuwakalisha. Mali ya Jumuiya ilikuja kugawanywa kwa mapatano ya mwaka 1984, na Jumuiya mpya ikaundwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Kwa Tanzania, gharama ya mwaka 1977 ilikuwa ya mara moja: ilibidi kuanzisha shirika la ndege, shirika la reli na shirika la posta peke yake, yote kwa fedha za kigeni.

AKIBA ILIVYOKWISHA

Katika mwaka huo huo wa 1977 Mtei aliitwa kuwa Waziri wa Fedha. Alikuta neema ya muda. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na nchi ilikuwa imeweka akiba. Vizuizi vya kuagiza bidhaa vikalegezwa mwaka 1978, na akiba ikatoka haraka kuliko ilivyoingia. Yeye ndiye aliyekuwa Waziri, na historia haiwezi kumwondolea sehemu yake ya lawama katika hilo.

Kisha mambo yakafuatana kama mvua ya mawe. Bei ya kahawa ilishuka. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Kagera, na vita vilivyofuata, hadi Kampala ilipoanguka mwezi Aprili 1979, hukadiriwa kuwa viligharimu karibu dola milioni 500. Mwaka huo wa 1979 bei ya mafuta ikapanda tena. Nchi ilishinda vita ikiwa na ghala tupu.

Ilikuwa lazima kutafuta mkopo, na Shirika la Fedha la Kimataifa likaweka masharti: thamani ya shilingi ishushwe, matumizi ya serikali yapunguzwe, vizuizi vya bei na vya kuagiza bidhaa vilegezwe. Mtei aliona kwamba nchi haina njia nyingine, na kwamba sehemu ya masharti hayo ni mambo ambayo nchi ingepaswa kuyafanya hata kama asingekuwapo mkopeshaji. Mwalimu Nyerere alikataa. Mwezi Desemba 1979 Mtei alijiuzulu, na Amir Jamal akarudi katika Wizara ya Fedha. Mwanzoni mwa Januari 1980 Mwalimu aliwaambia mabalozi waziwazi kwamba Tanzania haitakubali Shirika hilo liwe mpangaji wa siasa ya nchi maskini.

Haifai kulitazama shauri hili kama ugomvi wa mjuzi na mjinga, au wa mzalendo na msaliti. Kila upande ulishika kipande cha ukweli. Mwalimu aliona kwamba anayeumia kwanza bei zinapofumuliwa ni mtu maskini, na kwamba nchi inayopangiwa bajeti na wageni imeuza Uhuru wake kwa mafungu. Jambo hilo lilikuwa kweli wakati ule, na miaka iliyofuata ilipoleta ada mashuleni na malipo hospitalini, watu wengi waliukumbuka wasiwasi wake. Mtei naye aliona kwamba shilingi ilikuwa ikisema uongo.

SHILINGI INAPOSEMA UONGO

Maneno haya yanahitaji kufafanuliwa, maana hapa ndipo habari ya Hazina inapogusa malisho ya Hanang.

Mwaka 1979 dola moja ya Marekani iliandikwa kuwa shilingi nane na senti kidogo. Hiyo ilikuwa bei ya serikali. Lakini dola hazikuwapo za kutosha kwa bei hiyo, na mtu aliyezitafuta nje ya benki alilipa zaidi sana. Bei ya namna hiyo huumiza na kupendelea bila kutamka neno. Mkulima wa kahawa au pamba aliyeuza zao lake nje alilipwa shilingi nane kwa kila dola, baada ya makato ya mashirika, ingawa dola ile ilikuwa na thamani kubwa zaidi. Huyo ndiye aliyeumizwa. Aliyependelewa ni yule aliyepata kibali cha kununua kitu cha nje.

Chukua mfano wa mashine ya shamba yenye bei ya dola 10,000. Kwa shilingi nane, karatasi husema mashine hiyo ni shilingi 80,000. Kwa shilingi 17, bei iliyofikiwa mwaka 1984, ni shilingi 170,000. Kwa shilingi 40, bei iliyofikiwa mwaka 1986, ni shilingi 400,000. Mashine ni ile ile, shamba ni lile lile. Kilichobadilika ni ukweli wa fedha. Kwa hiyo mpangaji aliyeketi ofisini katika miaka ya 1970, akilinganisha mashine na jembe, au shamba kubwa na mkulima mdogo, alikuwa na mizani iliyoinamishwa upande wa mashine kabla hajaanza kupima.

NGANO YA HANANG

Katika mizani hiyo iliwekwa ngano. Watu wa mijini walikuwa wakiongeza kula mkate, na kila gunia la ngano kutoka nje lilikula fedha za kigeni. Shauri la kulima ngano nchini lilikuwa shauri zuri, wala hakuna haja ya kulibeza. Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, likisaidiwa na serikali ya Kanada, lilifungua mashamba katika nyanda za Basotu, wilayani humu. Baada ya muda mashamba yakawa saba, kila moja la ekari elfu kumi au karibu yake. Matrekta makubwa na mashine za kuvunia zililetwa kutoka nje. Vijana wa nchi walipelekwa kusoma, na ngano ikapatikana kwa wingi. Hayo ni mafanikio, na lazima yatajwe.

Lakini mashine inataka dizeli, inataka vipuri, inataka dawa na mbolea. Hata ile iliyotolewa bure kama msaada haikuendeshwa bure. Ngano iliyolimwa ili kuokoa fedha za kigeni ilihitaji fedha za kigeni katika kila hatua, na kadiri shilingi ilivyozidi kusema uongo, ndivyo gharama hiyo ilivyozidi kufichika. Haidaiwi kwamba Mtei ndiye aliyeyapanga mashamba hayo. Yalianza kabla hajawa Waziri. Kinachodaiwa ni kwamba jambo alilolieleza kwa wakubwa wake mwaka 1979, yaani kwamba bei isiyo ya kweli huharibu kila hesabu inayojengwa juu yake, lilikuwa likionekana hapa Hanang kwa macho.

Na lilikuwapo kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza, ambalo hata wachumi wakweli hawakuliona. Katika hesabu ya ngano, ardhi iliandikwa kama kitu kisicho na bei. Ilisemekana kuwa ni pori. Wazee wa Getanuwas wanajua kama lilikuwa pori. Nyanda za Basotu zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, yenye udongo wa rutuba na majani ya nguvu. Hayakuliwa mwaka mzima. Mifugo iliyafikia kwa zamu, kulingana na mvua, maji na chumvi, kisha ikahamishwa ili majani yapumzike. Mgeni aliyepita wakati wa kupumzisha aliona ardhi tupu. Ilikuwa tupu kama ghala lililofungwa linavyokuwa tupu machoni pa mpita njia asiye na ufunguo.

Malisho hayo yalipoondoka, mifugo ilisukumwa kwenye sehemu nyingine zisizoweza kuibeba, udongo ukamomonyoka, na zamu ya zamani ikavunjika. Njia za kwenda majini na kwenye chumvi zilikatwa na mashamba. Bung'eda, yale makaburi ya wazee yanayoheshimiwa na Wabarabaig, mengine yalilimwa. Hakuna safu katika daftari la NAFCO iliyoandikwa mambo hayo. Mashine iliandikwa kwa bei ndogo kuliko yake, na malisho yakaandikwa bure. Kwa hesabu ya namna hiyo, shamba lolote lingeonekana kuwa na faida.

Wananchi hawakunyamaza. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliupindua kwa sehemu kubwa ushindi walioupata katika Mahakama Kuu, kwa hoja kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kuwa ilikuwa na haki ya kisheria juu ya ardhi ile. Mtu aliyelisha hapo, baba yake alilisha hapo, na babu yake amezikwa hapo, aliambiwa alete uthibitisho. Ilichukua nchi muda mrefu kurekebisha msingi wa jambo hilo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ziliweka kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na haki ya kupewa kwa hati. Mashamba yenyewe, baada ya NAFCO kushindwa, yaliondolewa mikononi mwake, na baadhi ya ardhi ikarudi kwa vijiji.

UKWELI WA KWENDA JUU NA UKWELI WA KWENDA CHINI

Sasa mambo haya mawili yaweza kuwekwa pamoja.

Mtei alitimiza nusu ya wajibu wa mtumishi, na ni nusu ngumu. Alimwambia ukweli mtu aliyekuwa juu yake, mtu aliyependwa na nchi nzima, tena baada ya ushindi wa vita, wakati neno la kukata tamaa lilipokuwa likichukiwa zaidi. Alipoona hawezi kuitekeleza siasa asiyoiamini, hakubaki ofisini kuihujumu kwa siri, wala hakubaki akila mshahara huku akitikisa kichwa. Aliacha cheo. Yafaa pia kusema kwamba nchi haikumla. Hakufungwa wala hakufukuzwa nchini, na kuanzia mwaka 1982 alikuwa Washington, Mkurugenzi Mtendaji katika Shirika lile lile la Fedha, akiwakilisha kundi la nchi za Afrika. Kiongozi anayeachana na waziri wake kwa heshima hufanya iwezekane kwa waziri mwingine kesho kusema ukweli.

Bei ya kuchelewa ilionekana. Makubaliano yaliyofikiwa na Shirika hilo mwaka 1980 yalivunjika mapema. Maduka yakawa matupu. Sabuni, sukari na nguo vikawa vitu vya foleni. Cleopa Msuya, naye mtumishi wa serikali aliyepanda hadi uwaziri, alianza kulegeza mambo katika bajeti ya mwaka 1984, na mwezi Agosti 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, mapatano yakatiwa sahihi. Shilingi ilikuwa imekwisha shuka kutoka nane hadi 40 kwa dola. Huenda kushuka kidogo kidogo tangu 1979 kungaliumiza kidogo. Huenda pia, bila ukaidi wa Mwalimu, masharti ya kwanza yangalikuwa makali zaidi. Wenye busara watakiri yote mawili.

Lakini iko nusu ya pili ya wajibu, ambayo vitabu vya uchumi huisahau. Ukweli wa kwenda juu haukamiliki bila ukweli wa kwenda chini, na ukweli unaotoka chini. Katika shauri zima la mwaka 1979, Waziri, Rais na wajumbe wa Shirika la Fedha walibishana juu ya hali ya mkulima na mfugaji. Mkulima na mfugaji hawakuwapo. Kila upande ulisema kwa niaba yao. Mwalimu alisema wataumia thamani ikishuka. Mtei alijua kwamba walikuwa wakiumia tayari kwa sababu haijashuka. Hakuna aliyekuja nyanda za Hanang kuuliza ekari moja ya malisho ya kiangazi inalisha ng'ombe wangapi, na maziwa yao yanalisha watoto wangapi. Kama angekuja, angepata jibu sahihi kuliko la ofisi yoyote, maana watu wa hapa wanahesabu kila jioni.

Kosa hilo si la mtu mmoja wala la siasa moja. Ujamaa uliandika malisho bure. Biashara huria nayo ina tabia hiyo hiyo. Mwekezaji anapokuja leo na ramani, akisema eneo fulani liko wazi, anasema neno lile lile lililosemwa juu ya Basotu. Mpangaji wa hifadhi au wa shamba kubwa anayehesabu mapato bila kuhesabu kilichoondolewa bado anatumia daftari lile la zamani. Sheria ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji silaha, lakini silaha isiyoshikwa hailindi mtu.

LA KUFANYWA

Ndugu wananchi, yako mambo matatu ya kushika katika habari hii.

La kwanza ni la watumishi. Kijana wa Getanuwas anayekwenda chuo kusoma uchumi, kilimo au uhasibu, na akapata kazi serikalini, ajue kwamba cheti chake hakina maana kama hawezi kumwambia mkubwa wake neno gumu. Naye ajue kwamba hakina maana vile vile kama ataona aibu kumwuliza babu yake kwa nini malisho fulani hayaliwi wakati wa masika.

La pili ni la viongozi. Anayemfukuza mleta habari mbaya atabaki na waleta habari njema tu, na hao ndio wanaofilisi nchi. Tofauti ya mwaka 1979 ilikuwa kubwa na ilikuwa na gharama, lakini ilimalizwa bila kumvunja mtu. Mfano huo ni wa kuigwa na kila ofisi, tangu Ikulu hadi ofisi ya mtendaji wa kijiji.

La tatu ni la wananchi wenyewe. Hesabu ya malisho isibaki vichwani mwa wazee peke yake. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji ipo kisheria, iandikwe. Malisho ya kiangazi, malisho ya masika, njia za maji, njia za chumvi, na mahali pa bung'eda, vyote viwekwe kwenye ramani ya kijiji na kupitishwa na mkutano wa kijiji. Siku atakapokuja mtu kusema ardhi hii ni tupu, asijibiwe kwa machozi wala kwa fimbo. Afunguliwe daftari, aonyeshwe safu moja baada ya nyingine, na aulizwe ni ipi kati ya hizo anayokusudia kuilipa, na kwa bei gani.